Kabla Itifaki Haijazingatiwa

Kulikuwa na nchi moja ambayo jina lake nalijua, ila sitalitaja, kwa sababu nina watoto na bado wanasoma. Wananchi wa nchi hiyo walijaliwa mito, madini, na viongozi wa kuzindua. Kisima kikichimbwa kilizinduliwa. Kisima kikikauka kilikarabatiwa, na ukarabati nao ukazinduliwa. Daraja moja lililobomoka liliwahi kuzinduliwa upya kama kivuko cha miguu, na wananchi wakapiga makofi huku wamekunja suruali. Sisemi kwa ubaya. Nasimulia tu.

Sasa, Waziri wa Elimu, Maandishi na Matamshi wa nchi hiyo alikaa siku moja akasoma insha ya mwanafunzi wa sekondari. Insha ilisema: "Shule yetu haina vyoo, tunakwenda porini kwa zamu." Waziri akaweka karatasi chini, akashika kichwa.

"Watoto wetu hawajui kuandika," akasema. "Insha nzima, hakuna shukrani hata moja."

Basi ikaamuliwa kwamba uandishi ufundishwe kwa teknolojia ya kisasa. Shemeji yake Waziri, ambaye kwa bahati nzuri alikuwa na kampuni iliyofunguliwa wiki hiyohiyo, akaleta vishikwambi vinavyoitwa Kalamu Adilifu. Wataalamu walipoambiwa wavilishe maandishi bora kabisa ya taifa, walikwenda maktaba ya wizara. Vitabu vya hadithi vilikuwa vimeliwa na mchwa zamani. Zilibaki hotuba, maana hata mchwa ana mahali anapochoka. Vishikwambi vikalishwa hotuba zote za ufunguzi, za ufungaji, na za kuahirisha ufunguzi, vikashiba, vikapelekwa mashuleni.

Hivyo ndivyo kimoja kilivyofika mikononi mwa Nyamizi Kabogo, msichana wa kidato cha nne katika Sekondari ya Wasichana ya Shukrani. Nyamizi alikuwa mtu wa maneno machache na kichwa kigumu. Nyumbani kwao walisema ukimtuma Nyamizi akuletee mwiko, atauleta, lakini kwanza atakuuliza ule wa jana umeuweka wapi.

Wanafunzi hawakukiita Kalamu Adilifu. Walikiita Shemeji. Ukiandika kwenye Shemeji, "Mama yangu ananipenda," maneno yalitetemeka, yakawa mekundu, kisha yakajipanga upya: "Mama yangu, kwa kushirikiana na wadau, ameendelea kunipenda." Ukiandika kwamba ulilala njaa, kilisahihisha kuwa ulikabiliwa na fursa ya chakula. Msichana mmoja aliyeandika juu ya ng'ombe wao aliyekufa aliambiwa kwamba ng'ombe alihitimisha utumishi wake. Mambo yakafika mpaka kwenye barua za mapenzi. Mvulana wa shule ya jirani alimwandikia mpenzi wake, "Napenda kuchukua fursa hii adhimu kukupenda," na msichana akamjibu kwamba maombi yake yamepokelewa na yanafanyiwa kazi.

Usiombe Shemeji akukatae. Aliyekataliwa mara kwa mara aliandikwa kuwa ana utovu wa adabu ya kimaandishi, na mwenye utovu huo hakuruhusiwa kufanya mtihani wa mwisho. Wote wakajifunza upesi. Hata Mwalimu Ndauka, aliyefundisha insha maisha yake yote kwa chaki na ukali, alinyang'anywa chaki akapewa cheo kipya: Msimamizi wa Chaja. Alikaa kwenye chumba kidogo kilichojaa nyaya, akichomeka na kuchomoa.

Hapo sasa lazima niwaambie habari ya tangi, kwa maana bila tangi hamtajua Nyamizi aliudhishwa na nini.

Shukrani ilikuwa na tangi kubwa la maji juu ya mnara wa zege wa miguu minne, nyuma ya jiko. Mjenzi alikuwa ni yule yule shemeji wa Waziri, kabla hajavutiwa na teknolojia. Tangi lile lilizinduliwa mara nyingi, lakini maji halikuwahi kuyaona. Diwani alilizindua. Mkuu wa Wilaya akalizindua, kwa kuwa uzinduzi wa Diwani haukuwa na bendi. Mkuu wa Mkoa akalizindua, kwa kuwa bendi ya Mkuu wa Wilaya ilipiga vibaya. Mkaguzi wa majengo alikuja kuukagua mnara, akakuta njia ina tope, akaukagua kutoka ndani ya gari. Wasichana waliuona mguu mmoja una ufa wa kuingia kidole. Wakamwambia Mkuu wa Shule. Naye hakupuuza. Aliagiza mguu ule upakwe rangi, ukapakwa bluu, ukapendeza.

Kisha ikasemwa kwamba Waziri mwenyewe anakuja na watu wa televisheni, na safari hii ni lazima maji yatoke bombani yaonekane. Yakaletwa malori ya maji. Tangi likajazwa. Asubuhi ya uzinduzi wasichana walipangwa foleni na ndoo zao chini ya mnara ili wapigwe picha wakifurahi. Mwasiti Kindole alikuwa wa kwanza. Alishika ndoo mbili, yake na ya rafiki yake Nyamizi, ambaye alikuwa amerudi bwenini kuchukua mfuniko. Miguu ile ilikuwa imezoea kubeba upepo. Ilipobebeshwa maji, ule wa bluu ukakatika.

Nyamizi alitoka bwenini na mfuniko mkononi, akaona.

Taarifa ya serikali siku hiyo ilikuwa na kichwa kinachosema: Maji Yawafikia Wananchi. Kwenye mazishi Mkuu wa Wilaya alisimama akawakumbusha watu kwamba wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Salamu za Waziri zilisomwa na karani, nazo zilieleza kuwa marehemu alishiriki kikamilifu katika uzinduzi. Watu walipiga makofi. Walikuwa hawajui mikono waiweke wapi.

Baada ya watu kutawanyika, Mama Mwasiti alimshika Nyamizi mkono, akamkalisha kwenye mkeka.

"Mwanangu, wewe ulikuwepo," alisema. "Mwenzio alikufaje? Kila ninayemuuliza ananiambia maji yalimfikia. Mtu hufikiwaje na maji akavunjika mbavu?"

Nyamizi akamwegemea begani. Alilia mpaka pua ikaziba. Alipopata nafuu akasema, "Nitakuandikia, mama. Nitaandika yote."

"Usiniandikie mimi. Kusoma kwangu ni kwa kuungaunga. Andika yasomwe mbele za watu, nami niwepo nisikie, na wao wajue kuwa nimesikia."

"Nitaandika, mama."

Ahadi ni deni. Nyamizi akarudi shule, akakaa na Shemeji, akaanza. Aliandika, "Mnara ulianguka kwa sababu saruji ilikuwa kidogo." Maneno yakatetemeka. "Mnara ulishuka hadi ngazi ya wananchi kutokana na matumizi bora ya saruji." Akafuta, akaandika tena, "Tulisema kuna ufa, hawakutusikiliza." Shemeji akasahihisha: "Tulishirikishwa ipasavyo." Nyamizi akafuta tena. Akaandika maneno mawili tu: "Mwasiti alikufa."

Shemeji akafikiri kidogo, kisha akaandika: "Mwasiti alihitimu."

Hapo damu ikampanda Nyamizi. Akasahau adabu, akasahau mtihani wa mwisho, akaandika kama anavyosema mtu akimkabili mgomvi wake: "Mheshimiwa Shemeji, wewe ni bati tupu, na aliyekuleta ni mwizi."

Akangoja maneno yawe mekundu. Hayakuwa. Kishikwambi kililia kengele ndogo tamu, kikaandika: "Itifaki nzuri. Alama tano. Endelea."

Nyamizi akakitazama. Akaandika, "Mheshimiwa Mkaguzi, uliyekagua mnara ukiwa garini kwa kuogopa tope." Kengele ikalia. Alama tano nyingine.

Nawaeleza sababu, msije mkadhani ni uchawi. Katika nchi hiyo hotuba haianzi mpaka wakubwa wote waliopo wametajwa kwa vyeo vyao, mmoja mmoja, na kila anayetajwa husimama, akapunga mkono, akaketi. Hiyo ndiyo itifaki. Ikiisha husemwa "itifaki imezingatiwa", na hapo ndipo hotuba huanza na watu husinzia. Shemeji alipokuwa katika majaribio aliwahi kukifupisha cheo cha Mkuu wa Mkoa, akaacha neno Mhandisi. Mtaalamu aliyehusika alihamishiwa kisiwani kuhesabu ndege. Tangu hapo kila kishikwambi kiliamriwa: kuanzia Mheshimiwa wa kwanza mpaka "itifaki imezingatiwa", usiguse neno, usikate, usikatize. Toa alama tu. Ndani ya nchi nzima hapo ndipo mahali pekee ambapo mtu angeweza kuandika sentensi yake mwenyewe, na hakuna aliyejua, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwa na la kusema katika itifaki.

Nyamizi alikibeba kishikwambi mpaka chumba cha chaja.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti. Kimeisha chaji?"

"Bado kina moto. Naomba usome."

Mwalimu Ndauka akavaa miwani, akasoma. Akainuka, akafunga mlango, akaketi tena kati ya nyaya zake.

"Umemwonyesha nani?"

"Wewe tu, mwalimu."

"Unataka yasomwe lini?"

Nyamizi akamwambia. Siku ya Taifa ya Insha ilikuwa inakaribia, na mwaka huo ingefanyika Shukrani, ili nchi ione shule imesonga mbele. Mada ilikuwa Faida za Maji. Vishikwambi vingeisahihisha insha ya kila msichana, na ile yenye alama nyingi ingesomwa mbele ya Waziri. Mama Mwasiti naye alikuwa amealikwa, akabidhiwe cheti cha ushiriki wa marehemu.

"Ukifanya hivi hutafanya mtihani," Mwalimu akasema. "Unalijua hilo? Watakufukuza. Miaka minne yote itakwenda na maji."

"Najua, mwalimu."

"Mama yako je, anajua?"

"Mama ndiye aliyeniogesha siku ile. Damu ya Mwasiti ilikuwa imeingia mpaka masikioni."

Mwalimu Ndauka akavua miwani, akaifuta kwa shati kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Nyamizi akadhani atamkataza. Lakini mwalimu alipozungumza, alizungumza kama zamani, wakati alipokuwa na chaki.

"Basi andika vizuri. Usitie chumvi, chumvi waachie wao. Mtaje mtu, taja alichofanya, weka nukta. Usimtukane mtu yeyote. Hilo la bati na mwizi litoe." Akachomoa waya mmoja. "Na mimi uniweke."

"Wewe, mwalimu?"

"Ufa ule niliuona. Nilipita kando yake kila asubuhi na kusema mimi ni wa Kiswahili, zege lina wenyewe. Uniweke, tena kwa cheo changu kamili."

Siku ikafika. Yakaletwa mahema, viti vya plastiki kwa wazazi, na makochi yenye vitambaa kwa waheshimiwa. Mahali palipokuwa na mnara palipandwa maua, na maua yenyewe yalizinduliwa asubuhi. Mkuu wa Shule aliwakumbusha wasichana kutabasamu kwa meno ya juu. Mama Mwasiti aliketishwa safu ya nyuma, karibu na spika, akiwa amejitanda kanga yake mpaka kidevuni.

Wasichana wakaandika. Muda ulipokwisha Shemeji hakusitasita. Jina likatokea kwenye skrini kubwa: Nyamizi Kabogo, alama ambazo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuzipata. Watu wakashangilia. Hakuna aliyeipitia insha kwanza, wala hakuna aliyefikiria kuipitia. Afisa wa wizara alipoulizwa na mwandishi wa habari kama wameisoma, alicheka kwa upole. "Mashine imeshasoma, ndugu yangu. Tukisoma na sisi, mashine tumeinunua ya nini?"

Nyamizi akaitwa mbele, akasimama kando ya kishikwambi. Sauti ya Shemeji, laini kama ya mtangazaji wa taarifa ya habari, ikaanza kutoka kwenye spika.

"Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Maandishi na Matamshi."

Waziri akasimama, akapunga mkono, akatabasamu. Makofi.

"Ambaye kwa ajili ya picha yako tangi lilijazwa bila kupimwa."

Waziri alikuwa bado anapunga. Mkono ukabaki hewani peke yake.

"Mheshimiwa Mhandisi Mkuu wa Mkoa." Akasimama naye, maana mwili wa mheshimiwa ukisikia cheo hauulizi. "Uliyezindua mnara ule bila kuuliza miguu yake imesimama juu ya nini. Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya." Akasimama. "Uliyetuambia makaburini kwamba maji yakimwagika hayazoleki."

Mkuu wa Mkoa, aliyekuwa amekwisha kuketi, alishindwa kujizuia, akacheka. Yeye na Mkuu wa Wilaya walikuwa hawapatani tangu mambo ya bendi.

"Zima hicho kitu," Waziri alimnong'oneza afisa wa wizara.

"Mheshimiwa, nikatize itifaki?" Afisa alikuwa amelowa jasho. "Kuna wakubwa hawajatajwa. Kesho wataniuliza kwa nini niliwaruka."

"Zima!"

"Nitazima, Mheshimiwa, nikipata maandishi yako."

Na Waziri, mbele ya kamera za televisheni, hakutaka kuandika.

Shemeji aliendelea, taratibu. "Mheshimiwa Mkaguzi, uliyekagua mnara ukiwa garini kwa kuogopa tope. Mheshimiwa Mkuu wa Shule, uliyeambiwa kuna ufa ukaupaka rangi. Mheshimiwa Mkandarasi, shemeji wa mgeni rasmi, uliyetia mchanga mahali pa saruji, na kisha ukatuletea mashine hii itufundishe kuandika." Kila mmoja alisimama kabla hajakumbuka kutosimama. Shemeji yule wa Waziri, ambaye hakuzoea kutajwa hadharani, alipunga mikono yote miwili.

"Mheshimiwa Msimamizi wa Chaja, uliyeuona ufa kila asubuhi ukanyamaza."

Mwalimu Ndauka akasimama. Hakupunga mkono. Alibaki amesimama, na ndiye pekee ambaye hakuketi tena.

Safu ya nyuma Mama Mwasiti alikuwa ameishusha kanga mabegani, ameinamia spika kama anayesikiliza mgonjwa.

"Na Mheshimiwa Mwasiti Kindole, wa kidato cha nne, uliyesimama wa kwanza kwenye foleni, ndoo mbili mkononi, moja yako na moja yangu. Mguu wa bluu ulikatika, zege likakuangukia kifuani, na maji yakaja baadaye. Hukufikiwa na maji. Uliuawa na mnara. Nilikukuta bado unapumua, ukaniuliza kama ndoo yangu imepasuka. Nikakuambia haikupasuka. Kisha ukafa."

Shemeji akanyamaza. Ndivyo alivyofundishwa: kila anayetajwa apewe nafasi ya kusimama.

Hakuna aliyesimama, angesimama nani? Kamera ziligeuka huku na huku zikimtafuta huyo mheshimiwa.

Kisha nyuma kabisa, kiti cha plastiki kikasukumwa. Mama Mwasiti akasimama. Machozi yalikuwa yanamtiririka naye hakuyafuta. Aliinua mkono, akapunga, kama alivyoona wenzake wanavyofanya. Msichana mmoja wa foleni ile akasimama, na wa pili, na wa tatu, mpaka Shukrani nzima ikawa imesimama, na wazazi nyuma yao. Hapakuwa na makofi. Walisimama tu.

Kwenye skrini kubwa Shemeji alikuwa ametoa alama zake na, kwa kuwa hakuona maneno ya kufunga itifaki, akauliza, kwa herufi ambazo hata aliyekaa mbali aliziona: "Je, itifaki imezingatiwa?" Chini yake palikuwa na vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Kila mtu aliyewahi kukishika kishikwambi alijua maana yake. Ukibonyeza Ndiyo, kuanzia hapo kila neno linasahihishwa.

Waziri aliinuka kwenye kochi, akamsogelea Nyamizi. Alizungumza kwa sauti ya baba, ile wanayoitunza kwa ajili ya kamera.

"Binti yangu, umeandika kwa hisia, tumesikia. Sasa bonyeza Ndiyo, tuendelee na faida za maji. Nitahakikisha mtihani wako unaufanya. Mimi mwenyewe nitahakikisha."

Nyamizi aliutazama mtihani wake ukipita hapo mbele yake, na miaka yake minne, na ng'ombe wa baba yake waliouzwa kulipa ada. Hakusema kwamba haviumi. Viliuma. Akamtazama Mama Mwasiti, ambaye alikuwa bado amesimama.

"Bado, Mheshimiwa," akasema. "Kuna wengine sijawataja."

Akabonyeza Hapana. Kengele ndogo tamu ikalia, na mstari mtupu ukafunguka kwenye skrini. Nyamizi alipoinamisha kichwa aanze kuandika, mheshimiwa wa kwanza alikuwa ameshachukua kofia yake chini ya kochi. Wa pili akamfuata, wakipishana mlangoni mwa hema bila kupeana nafasi, maana hapakuwa na utaratibu wa nani atangulie kukimbia. Mama Mwasiti akatoka safu ya nyuma, akaja mpaka mbele, akachagua kochi lenye kitambaa kizuri, akaketi.

"Endelea, mwanangu," akasema. "Mimi sina haraka."